Sarafu ya Mama na Samaki wa Baba Mkwe

Mama yangu aliniazima sarafu moja, nami nikaipoteza kwa mdomo. Wengine hupoteza pesa kwa mfuko uliotoboka. Mfuko wangu ulikuwa mzima, mdomo ndio uliokuwa na tundu. Jambo hili limenikasirisha tangu miaka ya sabini, na kwa sababu mimi nikikasirika huwa nacheka, majirani wanasema mimi ni mtu wa furaha. Wacha waseme.

Nianze na shule, maanake shida ilianzia huko. Niliachia darasa la sita. Sikufukuzwa. Ndugu yangu alifika umri wa kuingia, na shamba letu la chai kule Gesima lilitaka mtu wa kuchuma, na mzee wetu akaangalia vidole vya kila mtu akaona vyangu ndivyo vinafaa. Kwa hivyo nusu ya vitu ninavyojua nilifundishwa, na ile nusu nyingine nimejijazia mwenyewe. Lakini kabla sijatoka tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili kutoka pwani, mtu mwembamba aliyeona baridi mwaka mzima. Siku moja alichora ubaoni samaki mkubwa mwenye meno kama msumeno, akaandika chini yake: PAPA. Akatuambia huyu anakaa baharini na anakula watu. Sisi watoto wa milimani, samaki tuliyemjua ni omena wa kufungiwa kwa gazeti, na huyo ni sisi tuliokuwa tunamla. Nilimwogopa papa miaka miwili. Hata mtoni nilichota maji nikiwa nimenyoosha mkono, miguu iko tayari kukimbia.

Basi mwaka wa sitini na tisa, nikiwa msichana mkubwa tayari, padri akatangaza kwenye misa kwamba Papa anakuja Uganda. Nikamgeukia mama nikamuuliza kama atapitia ziwani. Mama alinifinya paja, nikanyamaza mpaka Jumanne. Padri alipoona watu wamekodoa macho akaona atumie jina lingine, akasema Baba Mtakatifu. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, maanake kwa Kigusii baba ni mama. Baba yako unamwita tata. Kwa hivyo mimi nilitoka kanisani siku ile nikijua kuna mama mmoja mtakatifu, ambaye pia ni samaki, na anakuja Uganda kwa ndege.

Mama hakucheka. Mama alikuwa mke wa pili wa mzee, na mke wa pili hacheki ovyo. Alikuwa ameolewa akiwa mdogo, akazaa, akalima, na mbali alikofika ni Kericho, mara moja, kumzika dadake. Padri alisema kutakuwa na lori, na kila jumuiya itachagua mtu mmoja. Wanawake wa jumuiya yetu wakamchagua yeye. Sijui kwa nini. Nafikiri ni kwa sababu hakuwa ameomba. Akaondoka na kikapu cha ndizi mbivu na sweta ya mzee, akakaa siku nane, akarudi miguu imevimba na sauti imeisha. Na mkononi alikuwa na sarafu.

Ilikuwa kubwa kuliko shilingi, rangi ya shaba, nzito. Upande mmoja kichwa cha Papa na kofia yake ndogo. Upande wa pili ramani ya Afrika, na juu ya ramani ndege, na maneno ya Kilatini yamezunguka ukingo. Padri mwenyewe alikuwa na nyingine, alituonyesha baadaye, zimepangwa ndani ya kisanduku chenye kitambaa chekundu. Kila mara Papa anapovuka kwenda nchi ya watu, wanapiga sarafu ya ukumbusho. Kuna ya Bara Hindi, kuna ya Amerika, kuna ya Nchi Takatifu. Nikamuuliza padri hii ya Uganda inanunua nini. Akasema hainunui kitu. Nikaona huo ni ubadhirifu mkubwa, pesa yenye kichwa na isiyonunua. Na niseme ukweli hata kama ni aibu: niliijaribu. Mama alipolala nilienda nayo kwa duka la Mhindi nikaitisha chumvi. Mhindi akaigeuza, akaiangalia, akanirudishia kwa mikono miwili akaniambia nenda nyumbani, binti, na usirudie. Yule Mhindi hakuwa Mkristo hata kidogo, na aliishika vizuri kuliko watu wengine nitakaowataja.

Kwa mama ile sarafu ilikuwa kitu kimoja tu. Ilikuwa ushahidi. Mke mkubwa, yule mwenza wake, alikuwa ameshasambaza kijijini kwamba hakuna Uganda yoyote. Alisema, "Huyo alifika Kisumu, akaokota kifungo cha koti la polisi, akarudi." Watu walicheka sana. Hata mimi nilicheka, maanake ilichekesha. Mama akawa anaifunga sarafu kwenye pembe ya leso yake, na akisikia maneno hayo anaifungua, anaionyesha bila kusema kitu, anaifunga. Alifanya hivyo miaka. Hakuwahi kuona mtu akisema, sawa, nimeamini.

Mimi nikaolewa, upande wa Nyanchwa, kwa Wasabato. Ili niolewe nilizamishwa mtoni, ubatizo wangu wa pili. Wa kwanza ulikuwa wa maji ya kichwani, wa pili nilikunywa mengine. Sikuona ubaya. Mungu nilifikiri ni yule yule, wamebadilisha siku tu. Mume wangu alikuwa fundi baiskeli mjini, mtu mpole, mpole mpaka unataka kumtikisa. Mama mkwe alikuwa mwanamke mwema ambaye hata leo nikimkumbuka namwombea. Tatizo alikuwa mzee wake. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, sauti kama ngoma, na alijua Biblia kama mimi nilivyojua majirani. Alilima chai na hakuinywa, dini yake ilimkataza. Wasabato wenzake wengi walikuwa watu wa kupendeza kukaa nao. Yeye alikuwa yeye.

Sasa lazima nieleze heshima ya kwetu, la sivyo hutaelewa mbele. Kwa Wagusii mwanamke hamgusi baba wa mume wake. Hamshiki mkono, hamwangalii usoni, haingii chumba anacholala. Mkikutana njiani mmoja anakanyaga majani kupisha mwingine. Ukimgusa, hata kwa bahati mbaya, ni jambo la wazee na mbuzi. Baba mkwe alikuwa akihubiri kwamba mila zote za giza tumeziacha. Ngoma tumeacha, pombe tumeacha, mizimu tumeacha. Hii ya heshima hakuiacha, ilimfaa. Miaka minne tangu niingie boma lake hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Akitaka maji anamwambia mkewe, "Mwambie mkamwana maji," nami nimesimama pale pale na kibuyu.

Mdomo wangu sasa. Jioni moja tulikuwa jikoni na mashemeji wangu wa kike tunamenya matoke, na mimi kama kawaida nimeshika usukani wa hadithi. Nikawasimulia ya mwalimu na samaki wake. Papa ni samaki mwenye meno. Papa anakaa baharini. Nikawafanyia na meno. Mmoja alicheka mpaka akajikata kidole. Kumbe mzee amesimama nje anasikiliza. Na kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikasikia ameguna kwa kupendezwa. Nilifurahi, wacha nikwambie. Nilijiona nimekubalika.

Mtoto wangu wa kwanza alikufa akiwa na wiki mbili. Sitaki kusema mengi. Wa pili alipokuwa tumboni nilikuwa siwezi kulala wala kula, nikawa mimi pia sichekeshi. Mama akasikia. Akatoka Gesima akaja mpaka sokoni Kisii mjini, maanake nyumbani kwa mkwe hawezi kuja kuja, akanikuta kwa wauza mboga. Hakuniuliza habari. Alifungua pembe ya leso.

Akasema, "Nakuazima. Sikupi. Mtoto akitembea, unirudishie."

Nikamwambia yule mke mkubwa atamsema sasa hana kitu cha kuonyesha. Akasema, "Huo muda nitavumilia kusemwa. Nimezoea." Akaenda zake. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona mama yangu akitembea bila ile pembe ya leso kuning'inia.

Mtoto alizaliwa mzima, msichana, na mapafu ya kupigia watu kelele. Sarafu niliishonea ndani ya kamto kake ka kulalia. Sisemi sarafu ndiyo ilimlinda. Sisemi haikumlinda. Nasema alikuwa hai, na mimi nilikuwa silali bila kupapasa kale kamto kwanza. Siku moja nikaenda mtoni, mama mkwe kwa wema wake akaona kamto kamechafuka, akakafumua akafue. Ikaanguka. Hakujua ni nini. Akampelekea mzee amsomee.

Niliporudi nilikuta boma zima linaningoja. Mzee amekaa nje kwenye kiti, mume wangu amesimama kando kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari, na sarafu iko chini kwenye vumbi. Akamwambia mkewe aniulize hii kitu imetoka wapi. Nikamjibu mkewe kwamba ni ya mama yangu, nimeazimwa. Akamwambia mkewe aniambie kwamba sanamu haiingii kwa boma lake. Akainama na vijiti viwili akaiokota, kama unavyookota kaa la moto au mavi ya kuku, akaenda nayo upande wa choo. Alirudi mikono mitupu.

Mume wangu aliniambia usiku ule ule nisilie, ni kachuma tu. Sijui kwa nini nilikaa. Nilikaa.

Halafu nikaanza kumdanganya mama. Mtoto alitambaa, mama akaniletea salamu: kitu changu kiko salama? Nikasema kiko. Mtoto alisimama. Mtoto alitembea. Nikaambia watu wasimwambie kwamba ametembea. Fikiria, mtoto wa kwanza kupona kwangu, anakimbia boma zima, na mimi naficha miguu yake kama imeibwa. Kila nikienda Gesima nilimbeba mgongoni mtoto mzito wa mwaka na nusu, nikisema bado, miguu yake ni mizito kidogo. Mtoto anarusha mateke. Mama ananiangalia. Nami natoa kichekesho.

Mama akaugua. Tumbo lilivimba, macho yakaingiwa na ukungu, hospitali ya misheni wakampa dawa na kumrudisha nyumbani, na mtu akirudishwa namna hiyo kila mmoja anajua. Ndugu yangu akaja mpaka pale mume wangu alipotengenezea baiskeli kuniambia: mama anataka kitu chake. Hataki dawa, hataki kuku, anataka kile kitu. Anataka akifa awe nacho mkononi, asizikwe kama mtu aliyefika Kisumu tu.

Ningempelekea nini? Nilifikiria hata kutafuta kifungo cha koti.

Wiki ile ile kulikuwa na makambi. Asiyejua makambi, ni mkutano mkubwa wa Wasabato, wiki nzima, watu wanatoka kila mahali na mablanketi na sufuria, wanakaa kwenye nyasi chini ya turubai, asubuhi mafundisho na mchana mafundisho. Wanawake upande huu, wanaume upande ule. Mwaka ule walikuja wageni wengi kutoka upande wa ziwani, kwa hivyo wahubiri walitumia Kiswahili. Siku ya tano mchana ilikuwa zamu ya baba mkwe wangu. Mimi nilikuwa safu ya tatu na mtoto mapajani. Nilikuwa nafikiria Gesima, sikuwa nasikiliza, mpaka nikasikia watu wanacheka.

Alikuwa kwenye habari ya mnyama wa kitabu cha mwisho cha Biblia, yule ambaye yeye alisema ndiye Papa wa Roma.

"Ndugu zangu, huyu mnyama alitoka wapi?"

"Baharini," watu wakajibu.

"Na papa? Waulizeni watoto wa shule. Papa anaishi wapi?"

"Baharini," watoto wakapiga kelele, na turubai lote likacheka. Mzee mmoja wa ziwani akasema kwa sauti kwamba yeye amevua samaki tangu utoto na huyo hajamwona, wakacheka tena. Baba mkwe aliacha wacheke. Alijua kusubiri, hilo simnyimi. Kisha akasema, "Sijatunga mimi. Mkamwana wangu aliyezaliwa huko kwa watu wa Papa alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, jikoni kwangu."

Watu wakageuka kuniangalia, nyuso zimejaa tabasamu. Na mimi nilitabasamu. Hilo ndilo linaloniamsha hata leo. Hawakunilazimisha. Mtu akinicheka mimi hutabasamu, mwili ulizoea, kama mbwa akiitwa.

Ndipo akatia mkono kwenye koti akatoa bahasha, na kutoka kwenye bahasha, kwa kitambaa, akatoa sarafu ya mama. Akainyanyua juu wote waone. Akasema hii hapa ndiyo chapa ya mnyama, nimeitoa nyumbani mwangu mwenyewe.

Hakuitupa chooni. Mwaka mzima na zaidi alikuwa nayo. Nilikuwa nikimchemshia maji ya kuoga, nikimpikia, nikimpisha njiani mpaka magotini kwa majani yenye umande, na yeye ameiweka mfukoni akingojea makambi. Mama yangu anapapasa pembe ya leso kule kitandani haioni, na yeye anayo kwenye bahasha. Joto lilinipanda kutoka miguuni. Nilikuwa sijui kwamba hasira inaanzia miguuni.

Akaita sasa. Nani leo anataka kuachana na huyu mnyama? Wimbo ukaanza, ule wa polepole wa kuita watu mbele. Nikampa shemeji mtoto, nikasimama.

Wanawake walifurahi. Mmoja alinipapasa mgongo nikipita, mwingine akaanza kulia kwa niaba yangu. Wote walifikiri nimeguswa, na kweli nilikuwa nimeguswa. Hata mzee alifikiri hivyo. Aliangalia juu ya kichwa changu kama heshima inavyotaka, akaanza kusema amina. Nilifika mpaka mbele yake nikasimama karibu kuliko ilivyoruhusiwa.

Nikasema, "Hiyo ni ya mama yangu."

Akasema kwa sauti ya chini, "Rudi ukae."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza aliyoniambia mimi mwenyewe tangu niolewe. Miaka minne, na akiba yote hiyo ya maneno akaitumia kwa hayo mawili. Nikanyoosha mkono nikamshika kifundo cha mkono wake, chote, kwa vidole vyangu vya kuchumia chai.

Aliruka. Mtu aliyemkabili mnyama mbele ya watu wote bila woga aliruka nyuma kama amekanyaga siafu, akapiga mimbari kwa mgongo, vidole vikafunguka vyenyewe. Sarafu ikaanguka kwenye nyasi. Wagusii wote wakanyamaza palepale, safu kwa safu, kama moto uliomwagiwa maji, maanake waliona kilichotokea na walijua kinaitwaje. Wageni wa ziwani hawakujua. Wao waliendelea na wimbo, wakaimba ubeti mzima wa pili peke yao, kwa sauti nzuri sana. Mimi niko chini kwa magoti natafuta kwenye nyasi.

Niliipata. Ningekuwa na akili ningemuuliza mzee: na zile shilingi mlizotoa asubuhi kwenye sahani, kile kichwa cha juu yake si sanamu, au sanamu inayonunua chumvi inaruhusiwa? Swali zuri namna hiyo lilinijia nikiwa nimeshafika Keroka. Nilimchukua mtoto kwa shemeji, nikapita katikati ya watu wakinipisha wote, wanawake wakivuta nguo zao nisiziguse, nikashuka mjini na nguo nilizovaa. Nilipanda basi mpaka Keroka, na kutoka huko tulitembea, mimi na mtoto. Sikumbeba. Nilimwacha atembee.

Njiani ndipo nilipoiangalia vizuri. Baba mkwe alikuwa amemtoboa Papa macho. Kwa msumari, mashimo mawili, safi, kazi ya mtu aliyekaa chini akachukua muda. Na juu ya Afrika, pale penye ndege, alikuwa amekwaruza namba ya mnyama, sita tatu, ile ya mwisho imepinda. Nilikaa kando ya barabara nikaisugua na majani, nikaisugua na mchanga, nikaisugua na mate. Msumari hautoki kwa mate.

Mama alikuwa kitandani. Jambo la kwanza alisikia miguu ya mtoto sakafuni, akasema, "Huyo anatembea siku nyingi." Nikamwekea sarafu mkononi. Hakuwa anaona tena vizuri, aliisoma kwa kidole gumba. Ndege. Ramani. Akaigeuza. Kidole kikaenda usoni, kikasimama pale machoni, kikaingia shimo moja, kikatoka, kikaingia la pili.

Nilikuwa nimejitayarishia uongo. Nilikuwa nataka kusema mtoto alikuwa akiitafuna. Ningesema kwa kuchekesha.

Mama akasema, "Ni nani?"

Nikamwambia yote, hata ya jikoni, hata ile ya kutabasamu. Nilimwambia hiyo ya kutabasamu ndiyo mbaya. Hakunisamehe wala hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu, kama yule mtu amesema pole. Nikasema hajasema.

"Basi usimtangulie," akasema.

Siku ya pili akataka mke mkubwa aitwe. Akaja yule mama, mzee naye sasa, fimbo mkononi, akaketi kwenye kigoda. Mama akampa sarafu bila maneno, kama alivyofanya siku zote. Yule mwenza wake akaishika karibu na dirisha muda mrefu. Akaona macho yaliyotobolewa, akaniangalia mimi, akaona uso wangu, hakuuliza. Akamrudishia. Kisha akasema polepole, "Na huyo Papa, alikuwa mrefu?"

Mama akamwambia mbele yake kulikuwa na mwanamume amembeba mtoto mabegani, kwa hivyo hakuona urefu. Aliona kofia. Aliona mkono mweupe umeinuka, halafu yule mtoto akahamisha kichwa, halafu basi. Safari yote ile ilikuwa ni kofia na mkono. Walizungumza mpaka chakula kikapoa, yule akiuliza walilala wapi, walikula nini, wanawake wa Uganda wanavaa vipi, na mama, sauti imeisha, anajibu. Mimi nilikaa mlangoni nikisikiliza, na nilitaka kupiga kitu. Miaka yote hiyo alikuwa na habari zake zote tayari, na hakuna aliyemuuliza mpaka alipobakiza wiki mbili. Mimi mwenyewe sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nachekesha.

Alizikwa nayo mkononi. Mtu mmoja pale alisema hiyo ni shaba, ni vibaya kuifukia, na mke mkubwa akamwambia anyamaze au atoke.

Mume wangu alikuja kunichukua baada ya mwezi. Wazee walikaa. Kulikuwa na mbuzi, kwa ajili ya mkono wangu, lakini kwa kuwa mila za giza tulikuwa tumeziacha, aliitwa mbuzi wa chakula cha wageni. Ndugu yangu alimleta, akachinjwa, kila mtu akala, hata baba mkwe akala, na kwa mbuzi yule hakuwa na mahubiri. Halafu wakasema sasa mkamwana aombe msamaha. Nikasema nitaomba, siku ile ile ambayo yeye ataomba, hata saa ile ile, tuseme pamoja kama kwaya. Mume wangu akatazama chini. Mzee akasema, kwa kumwambia mkewe, kwamba yeye hana la kuomba.

Aliishi miaka tisa tena. Nililea watoto wanne kwenye boma lake. Alipougua nilimpikia uji kila asubuhi, mwepesi kama alivyopenda, na nikaupeleka mpaka kizingitini, nikaukabidhi kwa mkewe. Siku yake ya mwisho mkewe alitoka nje akaniambia mzee anauliza kama niko karibu. Nikasema niko karibu. Akaingia, akakaa, akatoka tena. Nikamuuliza amesema nini. Akasema hajasema, ameuliza tu kama uko.

Nilisimama pale kizingitini mpaka jua likazunguka nyumba. Nilikuwa tayari kusikia neno moja, hata likipitia kwa mkewe, hata likiwa nusu. Halikuja, na la kwangu sikulitoa. Ningali nalo.